Mgalu Kutoka Wales

Mwenyekiti wa ushirika aliniuliza kama mshairi wangu alikuwa Mgika au Mgalu, nami, badala ya kusema sijui, nikajibu.

Tulikuwa tumesimama mbele ya ghala la pamba, kijiji kimoja upande wa Didia, asubuhi ya siku za mwanzo za Mei. Yeye alishika daftari lake la mikutano. Mimi nilikuwa nimempa barua ya kuomba ruhusa ya kufanya sherehe. Aliisoma mara mbili, akiifuata mistari kwa kidole, na alipofika kwenye maneno "mshairi mashuhuri wa nchi ya Wales" kidole kikasimama.

"Mshairi ndiyo manju?"

"Ni kama manju, baba."

"Anatunga mwenyewe, au anaimba za watu?"

"Alitunga mwenyewe. Ameshafariki."

"Basi ni ningi kabisa." Hilo ndilo neno la Kisukuma la mtu anayetunga nyimbo na kuongoza kundi la ngoma. Akafungua daftari. "Mgika au Mgalu?"

Kwa asiyekulia Usukumani, swali hilo linahitaji maelezo. Wacheza ngoma wa kwetu wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno pande hizo hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, na watazamaji wanatembea huku na huku wakitafuta panaponoga. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Manju wa upande mmoja humtukana manju wa upande wa pili kwa nyimbo, na mtu akitukanwa vizuri anaweza kukumbukwa kwa tusi hilo mpaka wajukuu. Manju wa katikati hayupo. Ni kama kumuuliza mchezaji mpira anachezea timu gani na kujibiwa kwamba anachezea uwanja.

Nilikuwa na sekunde tatu. Nikisema hana upande, mwenyekiti ataelewa kwamba si manju. Kama si manju, sherehe ya nini? Na kama hakuna sherehe, ghala linaondoka. Nikakumbuka, au nikadhani nakumbuka, kwamba kuna mtu aliwahi kuniambia nyumba ya mwenyekiti ni ya Bagalu.

"Mgalu," nikasema.

Akaandika. Akafunga daftari, akalibana kwapani.

"Sawa, madamu. Mimi ni Mgika."

Hakucheka wala hakununa. Alipanda baiskeli yake akaondoka, na mimi nikabaki pale nikijiuliza kama nimepewa ruhusa.

Ghala lenyewe lilikuwa maktaba, ikiwa mtu atakubali kuliita hivyo. Ushirika ulilijenga zamani kwa ajili ya pamba, kisha mavuno yakapungua miaka kadhaa na likabaki na popo. Ndipo akatokea bibi mmoja wa Wales aliyewahi kufundisha sekondari mkoani kwetu wakati wa ujana wake. Alikuwa amestaafu na kurudi kwao, lakini alikuwa akituma vitabu kwenye maboksi, na alitaka viwekwe kijijini, si mjini. Ushirika ukamwazima ghala. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa mjini, mtaa wa Kambarage, kwa mama yangu nikituma maombi ya kazi yasiyojibiwa, nikasikia kwamba anatafutwa kijana wa kutunza vitabu. Nikaenda kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimefikisha mwaka wa tatu.

Bibi aliomba jambo moja tu. Kwao, katikati ya Mei, watu hukumbuka maisha na kazi ya mshairi wao mkubwa: wanasoma mashairi yake kwa sauti mahali popote, madukani, kwenye vituo vya treni, shuleni. Alitaka na sisi tufanye. Alinitumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili chake cha zamani, kilichonyooka kuliko changu: "Binti yangu, msimfanye Mwingereza. Watu wote humfanya Mwingereza. Ni mtu wa kwetu." Mwaka wa kwanza nilifanya, wakaja watu wanne na mbuzi. Mwaka wa pili mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinihurumia akaleta wanafunzi, wakakaa mistari iliyonyooka, wakapiga makofi kila niliponyamaza, hata niliponyamaza kufungua ukurasa.

Mwaka huo wa tatu pamba ilikuwa imerudi. Mashamba yalikuwa meupe mpaka barabarani. Kikao cha ushirika kilisema waziwazi: ghala ni la pamba, vitabu ni wageni. Mwenyekiti akanitetea kidogo, akaomba wasubiri sherehe ya mzungu wa Mei. Wakiona watu wanakitumia kile chumba, wataweka pamba mahali pengine. Wakiona madamu anasoma peke yake, vitabu vitafungwa kwenye maboksi na mimi nitarudi Kambarage. Sikuwa na mpango wa tatu. Usiku nilihesabu sababu za mtu kuja kusikiliza mashairi ya Kiingereza wakati wa kuchuma pamba, na sikuwahi kuvuka moja, nayo ilikuwa huruma.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa nilipotamka neno lile.

Jioni ya siku hiyohiyo, mama mwenye nyumba niliyopanga alinipakulia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kuniangalia. Alikuwa mjane mwenye maneno mengi, na ukimya wake ulinitisha kuliko mgambo.

"Shikamoo mama," nikasema kwa mara ya pili.

"Marahaba." Akakoroga chungu. "Kwa hiyo mtu wako ni Mgalu."

"Nani kakwambia?"

"Kisimani wanajua. Mashineni wanajua. Mimi ninayelala na wewe ukuta kwa ukuta ndiye wa mwisho kujua. Miaka miwili unaniambia mshairi, mshairi, mshairi wa Wales. Hukusema Mgalu."

"Mama, hata yeye mwenyewe hakujua."

"Mtu hajui alikozaliwa?" Akaniwekea bakuli mbele. "Kula. Sherehe yako siji. Mdogo wangu ni manju wa Bagika. Nitaonekanaje?"

Nilipaswa kunyamaza na kula. Lakini mimi nikiogopa huwa naongea, na nikiongea natafuta kupendwa. Nikaanza kumweleza kwamba mtu huyu si wa kuogopwa. Nikasema alikuwa mtu wa kawaida. Nikasema alizaliwa katika nchi yenye lugha yake, lugha ya kale kabisa, lakini yeye hakuijua, akaandika yote kwa Kiingereza. Nilimwambia hilo kwa sababu ndilo jambo pekee katika maisha yake ambalo mimi huwa naliwaza. Kwetu Kambarage mama alitukataza Kisukuma ili tufaulu shule. Nakisikia, lakini mtu akiniuliza, jibu linakuja kwa Kiswahili. Bibi yangu mzaa baba alifariki tukiwa tumezungumza naye kwa kutabasamu tu.

Mama mwenye nyumba aliacha kukoroga.

"Hakujua lugha ya mama yake?"

"Hakufundishwa."

"Masikini," akasema, na nikaona uso wake umelegea. Nililala nikidhani nimepata mtu mmoja.

Kesho yake nilimfuata mwenyekiti kwenye mizani ya pamba ili kurekebisha. Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi. Nilisema kulikuwa na kutoelewana, kwamba huko Wales hawana Bagika wala Bagalu, na kwamba nilijibu haraka.

"Kwa hiyo si Mgalu?"

"Hapana, baba."

"Ni Mgika?"

"Hapana. Hana upande."

Alinitazama kama mtu anayetazama mizani iliyogoma.

"Madamu, Bagalu wameshaitana. Manju wao yuko Geita, anaendesha karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wamempigia simu aache mawe aje. Unataka niende nikawaambie mzungu wao hayupo?" Akashusha sauti. "Na Bagika nao wamekasirika kwamba Bagalu wamepata mtu wa ng'ambo. Watakuja na ngoma zao siku hiyohiyo. Msimu wa ngoma za mbina bado, lakini miguu inawawasha. Wewe ulitaka watu waje, au hukutaka?"

"Nilitaka."

"Sasa unalia nini?"

Sikuwa nalia, nadhani. Niliondoka bila kujua kama nimeharibu au nimefaulu, na hali hiyo ikaendelea wiki nzima. Nikipita barabarani, wanaume nisiowajua walinisimamisha kunishukuru, "Wabeja, mayu, wabeja!", na wanawake wawili ambao kila siku walikuwa wakinisalimia waligeuka kutazama mbuzi wao. Mtu mmoja aliyekuwa hajawahi kuingia ghalani alikuja na kuku, akamwacha mlangoni, amefungwa miguu. Nilimpelekea kuku mama mwenye nyumba. Akakataa. "Kuku wa Bagalu," akasema. Mwishowe kuku aliishi na mimi ndani ya ghala, kati ya kamusi na vitabu vya sayansi.

Siku moja kabla ya sherehe alikuja manju wa Bagalu. Nilitarajia mzee. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, suruali ya jinzi, vumbi la mawe limemkaa kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka juu ya macho tu. Alikuwa amesafiri kutoka Geita usiku. Alikaa kwenye benchi akavua kofia.

"Nipe mambo yake," akasema.

Nikampa. Nilikuwa na kurasa sita nilizoandika, zenye vichwa vya habari. Alizisikiliza dakika mbili.

"Hayo ya shule. Mimi nataka mambo yake. Alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Hakuwa na ng'ombe."

"Hata mmoja?"

"Walikuwa watu wa mjini."

"Hm." Akafikiri. "Aliwashinda akina nani?"

"Hawakuwa wanashindana hivyo."

"Nani alimwonea wivu?"

Miaka mitatu nilikuwa nimesoma juu ya mtu huyu, nilijua alisoma mashairi yake kwa sauti kubwa na kwamba watu walijaa kumsikia, nilijua alifia mbali na kwao, lakini sikujua ni nani alimwonea wivu.

"Na dawa ya sauti alipata wapi?"

"Baba, huko hawatumii."

"Wanakwambia hawatumii." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hebu nisikie."

Nikamsomea shairi moja, fupi, kwa Kiingereza, kisha nikaanza kutafsiri. Sikufika mbali. Shairi hilo hata kwa Kiingereza sikulielewa vizuri. Nilikuwa naelewa neno moja moja, kisha mstari ukinijia mzima nabaki mikono mitupu. Nilimwambia ukweli huo. Akainua mkono.

"Acha kueleza. Soma tena yale ya kwanza."

Nikasoma tena. Alifumba macho, kidole chake kikawa kinagonga benchi, na kiligonga mahali ambapo mimi sikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna mdundo. Akasimama, akavaa kofia.

"Huyu anajua," akasema. "Hakuna ng'ombe, lakini anajua."

Aliondoka. Nilikaa pale na kuku nikijaribu kugonga benchi kama yeye. Sikuweza.

Siku yenyewe watu walianza kufika saa tatu asubuhi. Sijui niseme walikuwa wangapi. Nilikuwa nimepanga mabenchi kumi na mbili ndani ya ghala na kuandika "KARIBUNI" kwa chaki. Hakuna aliyeingia. Walijaa nje, kwenye uwanja wa kuanikia pamba, na baiskeli zao zikaegemezwa kwenye ukuta wa ghala hata dirisha likaziba. Wauza maandazi walikuja. Muuza miwa alikuja. Upande wa mashariki walisimama Bagalu na ngoma zao, upande wa magharibi Bagika, na katikati kulikuwa na mwenyekiti na wajumbe wa kikao kwenye viti, wakitazama mlango wa ghala. Mlangoni nilikuwa mimi.

Ngoma zilianza pande zote mbili kwa pamoja. Manju wa Bagalu alikuwa amevua jinzi, amejifunga ngozi na njuga. Aliimba juu ya mshairi. Kisukuma changu kilinipa nusu: Mgalu mweupe aliyevuka maji bila ng'ombe hata mmoja, mali yake yote iko kooni, mezeni mate nyie mnaohesabu mikia. Watu wakapiga yowe. Umati ukasogea mashariki kama nafaka kwenye ungo. Moyo wangu ulisogea nao. Nikamwona mwenyekiti anaandika kitu.

Kisha manju wa Bagika, mdogo wake mama mwenye nyumba, akanyamazisha ngoma zake. Alikuwa mtu mwembamba, sauti nyembamba pia, lakini aliitupa mbali. Aliimba polepole ili hata mtu kama mimi asikie. Aliimba kwamba ameuliza habari za huyu Mgalu na ameambiwa na anayemjua. Mama yake alimwita, hakujua kuitika. Alinyonya kwa mama, akaomba chakula kwa jirani. Mtu asiyejua lugha ya mama yake anaimbia nani? Mkimkuta njiani msalimieni kwa ishara.

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Watu waliinama, wakashikana mabega. Umati wote ukahama magharibi, na mimi nikabaki nimeshika fremu ya mlango. Nilimtafuta mama mwenye nyumba kwa macho nikamwona kati ya Bagika, amejifunga kitenge chake cha sikukuu, anacheka huku ameziba mdomo. Aliponiona akaacha. Nadhani ndipo alipokumbuka alikolipata neno lile, na kwamba lilinihusu mimi pia, nisiyeweza kuitika kwa Kisukuma. Ama labda aliacha kucheka kwa sababu ya vumbi. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Manju wa Bagalu alitoka kwenye duara la wachezaji wake akaja mlangoni akitoka jasho, na kundi zima nyuma yake.

"Madamu, wametupiga. Mlete."

"Nimlete nani?"

"Mtu wetu! Lete kitabu. Wamsikie mwenyewe."

Wakaniingiza ghalani. Waliingia kadiri walivyoweza, njuga zikilia, wakakaa kwenye mabenchi, kwenye maboksi, sakafuni, wengine wakasimama juu ya mizani mbovu iliyosahauliwa pembeni. Kuku akapanda rafu. Nikafungua kitabu. Mistari ikawa inaruka machoni. Nikasoma lile shairi fupi, na kwa kuwa ngoma za Bagika zilikuwa bado zinalia nje, ilinibidi kusoma kwa kupiga kelele, kama anayemwita mtu ng'ambo ya shamba. Sijawahi kusoma hivyo. Sauti ilitoka ikiwa si yangu, na nilipofika mwisho sikujua nimesoma nini.

"Tena," akasema manju.

Mara ya pili aligonga kifua chake kwa kiganja, na kumi wakagonga. Mara ya tatu walijua mahali pa kuitikia. Hawakuwa na neno hata moja la Kiingereza kile, waliitikia "heee" mwisho wa kila mstari, na mstari ulingoja uitikiwe. Nje ngoma zilinyamaza. Kisha mlango ukajaa Bagika waliokuja kuona kuna nini, wakasukumana, mama mwenye nyumba mbele yao, wakaingia. Mwenyekiti na wajumbe wake nao waliingia kwa ubavu, viti vyao vikiwa vimebebwa juu ya vichwa.

Hapo ndipo nilipoamua kusema ukweli. Sielewi kwa nini hapo. Chumba kilikuwa kimejaa, jambo nililoliomba miaka mitatu lilikuwa mbele yangu, na mimi nikaona siwezi kulipokea kwa uongo. Nikafunga kitabu.

"Ndugu zangu," nikasema, "naomba radhi. Huyu mshairi hakuwa Mgalu. Wala hakuwa Mgika. Nilimjibu mwenyekiti bila kujua. Kwao hakuna pande hizi. Kosa ni langu."

Nikasikia kuku anakwaruza rafu.

"Madamu anaogopa Bagika," akasema mtu nyuma.

"Wamemtisha!" akasema mwingine. "Analala kwao!"

"Nani kamtisha?" Mama mwenye nyumba alisimama. "Nyumbani kwangu anakula mpaka anashiba! Yeye mwenyewe ndiye alinieleza habari za mama yake yule mzungu!"

"Ahaa! Kumbe ni wewe!"

"Jamani," nikasema, "ni kweli. Hana upande."

Manju wa Bagika alicheka kwa upole, akaniwekea mkono begani kama mtu anayemfariji aliyefiwa. "Madamu, ametuitikisha ndani ya ghala zima, na sisi tukaja kwa miguu yetu. Asiye na upande hafanyi hivyo. Usimkane mtu wako kwa sababu tumemtukana. Kutukanwa ndiyo kazi."

Watu wakakubali. Hakuna aliyeniamini hata mmoja. Nilirudia mara mbili zaidi, na kila niliporudia walizidi kunipenda, Bagalu kwa huruma na Bagika kwa heshima ya mtu anayejaribu kuficha silaha. Mwishowe nikasoma tena shairi, kwa sababu ndilo jambo pekee nililoombwa ambalo niliweza kulifanya.

Kikao kilikaa keshokutwa yake. Sikuitwa. Niliketi nje ya ghala na maboksi yakiwa wazi, nusu ya vitabu ndani yake, kwa maana nilikuwa nimeamua kwamba nikianza kufunga mwenyewe haitauma. Mwenyekiti alikuja na baiskeli, akayatazama maboksi.

"Unahama?"

"Sijui, baba. Nahama?"

"Pamba itakaa kwenye banda la shule, nimeshaongea na mwalimu mkuu. Ghala libaki na vitabu mpaka mavuno ya mwakani." Akafungua daftari kusoma, maana alipenda jambo litoke kwenye maandishi. "Bagalu wamesema ndani mna mtu wao, haiwezekani kumlalia na magunia. Bagika wamesema waachiwe ghala ili mwakani walipize."

Nilitaka kumshukuru. Nilitaka pia kumwuliza ni wangapi kati ya wajumbe waliozungumzia kusoma. Nikashika kingo za boksi.

"Lakini kuna sharti," akasema. "Bagika wamelalamika, na mimi nimeona wana haki. Bagalu wana mtu wa ng'ambo, wao hawana. Mashindano gani hayo? Mwambie yule bibi atuletee mwingine."

"Mwingine wa namna gani?"

"Manju. Wa hukohuko Wales. Awe Mgika." Akanitazama kwa wasiwasi, kama amegusa jambo ambalo hakulifikiria. "Au nchi nzima ina mmoja tu?"

Nilisema nitauliza. Jioni nilimrekodia bibi ujumbe wa sauti. Nilianza mara tano na kufuta mara tano. Wa sita ulikuwa wa dakika kumi na moja: nilimweleza Bagika na Bagalu, karasha, kuku, wimbo wa mama, nikamwomba radhi kwa kumpa mtu wake upande, nikamwomba radhi kwa kusema hakujua lugha, nikamwambia kwamba watu walijaa na kwamba sijui walijaa kwa sababu yake au kwa sababu yetu. Mwishoni, haraka, nikaweka lile sharti.

Siku mbili kimya. Nikaandaa kichwani barua ya kujiuzulu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Asubuhi ya tatu sauti yake ikafika, na mwanzoni nilidhani analia, kumbe alikuwa anavuta pumzi za kucheka.

"Binti yangu," akasema, "wapo wengi, tena wengine waliijua lugha ya mama zao na wakaandika kwa lugha hiyo. Hao hawakumpenda huyu hata kidogo. Nitakutumia vitabu. Ila mimi nina upande wangu tangu utotoni, sitaki kuwa mwamuzi. Mgika wao mchague wewe."

Niliusikiliza mara nne. Kisha nikaona baiskeli ya mwenyekiti inakuja kutoka upande wa mizani, na nyuma yake, akitembea haraka kwa miguu, manju wa Bagika. Walikuwa wanakuja kusikia jina.